Binti yangu amekataa kupimwa mlangoni

Washauri, habari za kazi.

Mimi ni fundi ujenzi, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mke wangu ananunua mahindi Kibaigwa. Anaondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa jioni, kwa hiyo siku tano za wiki nabaki na watoto mwenyewe: kijana wa miaka 13 na binti wa miaka 10 anayetimiza 11 mwezi wa pili. Ninachoandika ni cha huyo binti.

Tangu ajue kusimama nampima kwenye fremu ya mlango wa chumbani. Anaegemea, naweka kona, kile kipimo cha fundi cha pembe mraba, juu ya kichwa, napiga mstari kwa penseli na kuandika tarehe. Miaka ya karibuni mistari imepanda taratibu, kama sentimita 5 kwa mwaka. Januari mwaka huu alikuwa 131. Juni, 135. Mwisho wa Septemba, 138. Wiki iliyopita nikachukua penseli, akasema, "Baba, mimi siyo mtoto," akaingia ndani akafunga mlango. Nikabaki nimeshika kona. Sikukasirika, ila moyo ulinisinyaa. Huyu ndiye niliyekuwa nampakia mbele kwenye baiskeli, akihesabu mibuyu mpaka tufike.

Mambo yenyewe ni haya. Mwezi wa tatu alisema titi la kushoto linamuuma. Mama yake akapapasa, akasema kuna kigumu kama punje ya mbaazi. Sasa yako pande zote mbili. Nimegundua anajifunga kipande cha kanga kifuani ndani ya sweta la shule, na joto hili la Novemba. Jasho lake limebadilika harufu. Mwezi uliopita akalalamika kwamba akikojoa panachoma, na wakati wa kufua nikaona uchafu mweupe kwenye chupi. Nikamweleza mama yangu mzazi kwa simu, yuko kijijini Mpwapwa. Hakufikiri mara mbili: hiyo ni lawalawa, mlete likizo ya Desemba tumtibu na tumfunde. Najua kwetu lawalawa hutibiwaje: kwa kumkeketa mtoto. Mke wangu hataki hata kusikia, nami sitaki, lakini ni mama yangu, na kuhusu ugonjwa wenyewe sina cha kumjibu.

Tena nimejikuta namkwepa mtoto. Nimeacha kumshika bega, nimeacha kukaa naye wakati wa taarifa ya habari, nawaza watu watanionaje. Na hedhi ikija Jumanne, mama yake yuko Kibaigwa, nifanye nini? Nianzie wapi?

Baba Upendo, Nkuhungu

---

Baba Upendo, tuanzie hapo hapo mlangoni, maana mistari yako inasema mengi. Kutoka 131 hadi 138 ndani ya miezi 9 ni kasi ya zaidi ya sentimita 9 kwa mwaka, karibu mara mbili ya mwendo wake wa zamani. Hakuna kilichoharibika. Mwili umeshika njia ya kupevuka, na kwa wasichana kurefuka huku hutangulia hedhi. Hedhi ikishaanza, urefu hupunguza mwendo, na wengi huongeza sentimita 5 hadi 7 tu baada ya hapo. Usishangae viatu vya Januari vikimbana: nyayo na viganja hukua kwanza, kiwiliwili hufuata, ndiyo maana kwa miezi kadhaa mtoto hujikwaa, huangusha vikombe, hula sahani mbili na kulala kama aliyeshinda akibeba zege. Asigombezwe kwa hayo.

Mambo haya yana mpangilio, na anayeujua hashtukizwi. Kwa msichana kubalehe huanza popote kati ya miaka 8 na 13. Mara nyingi kinachotangulia ni kile kigumu chini ya chuchu. Kisha vinywele vya sehemu za siri na kwapani, jasho lenye harufu ya mtu mzima, chunusi. Katikati ya hapo ndipo anaporefuka kwa kasi. Halafu ute mweupe kwenye chupi, na mwisho hedhi. Tangu kigumu cha kwanza mpaka hedhi ya kwanza wengi huchukua miaka 2 hadi 2 na nusu, na wapo wanaofika ndani ya mwaka na nusu. Ute wenyewe hutangulia hedhi kwa miezi 6 hadi 12. Hesabu ya Upendo basi: kigumu Machi, ute Oktoba. Inawezekana akavunja ungo akiwa karibu kutimiza miaka 12, inawezekana ikaja mapema zaidi. Kamilisha maandalizi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Yakikaa kabatini mwaka mzima hayaozi.

Kile kigumu ni titi linaanza. Hukaa nyuma ya chuchu kama kifungo cha shati, na kikigongwa kinauma kweli. Upande mmoja kutangulia mwingine, hata kwa miezi sita, ni kawaida. Si jipu wala saratani. Kisiminywe, kisikandwe kwa maji ya moto, kisipakwe dawa yoyote. Mpeleke zahanati tu kama ngozi ya juu imekuwa nyekundu, ina joto au inatoa usaha.

Na ile kanga anaficha. Pengine kuna mtu darasani amemcheka. Kukaza kitambaa hakuzuii titi kukua. Kunaminya mahali panapouma, kunabana pumzi kwenye mchakamchaka, na kwa joto la Dodoma kunaleta vipele vya jasho. Lakini usimnyang'anye kabla hujampa mbadala. Mnunulie singlendi 3 za pamba zinazoshika mwili, au sidiria laini za kuvaa kwa kichwani, zisizo na waya wala vikombe vigumu. Kipimo chukua kwa futi ya fundi cherehani, mzunguko wa kifua chini kidogo ya matiti, au mwache ajipime mwenyewe akupe namba. Inayomtosha ni ile ambayo vidole viwili vinapita chini ya mkanda wake bila kusukumwa. Chagua ya kahawia inayokaribia rangi ya ngozi yake. Chini ya shati jeupe la shule sidiria nyeupe ndiyo inayoonekana zaidi, na hapo ndipo wengi hukosea.

Sasa lawalawa.

Huku katikati ya nchi, Dodoma na Singida, neno hili limebeba mambo mengi kwa pamoja: kuwashwa, mkojo kuchoma, ute, vipele, harufu. Bibi hajadanganya kwamba mtoto ana shida. Tatizo ni kwamba lawalawa ni jina la dalili, na kila dalili ina chanzo chake, wala hakuna hata chanzo kimoja kinachoondoka kwa kukata. Ngoja tuvitenganishe, maana ukivijua utakuwa na la kumwambia mama.

Ute wa kawaida wa msichana anayekaribia hedhi ni mweupe au hauna rangi, ukikauka kwenye chupi unaacha doa la manjano hafifu, hauwashi na hauna harufu kali. Huo ni mji wa mimba unajiandaa. Haukaushwi kwa dawa. Unachofanya ni kumpa chupi za pamba za kutosha, 7 hivi, abadilishe kila siku na zikauke juani. Mabinti wengi wakianza kuona aibu huanika chupi chini ya godoro au nyuma ya mlango, kitambaa kinabaki na unyevu, fangasi wanapata makazi. Mwekee kamba yake upande wa nyuma ya nyumba, na ruksa ya kutandaza kanga nyepesi juu yake. Jua litapita.

Kuwashwa bila ute mara nyingi ni ngozi iliyochokozwa: sabuni yenye manukato, nailoni, jasho, vumbi, au kujisafisha chooni kutoka nyuma kuja mbele, kitendo kinachobeba uchafu wa haja kubwa. Ajifunze kutoka mbele kwenda nyuma, kila mara. Kama anajikuna zaidi usiku, fikiria minyoo: wapo wadogo weupe kama vipande vya uzi wanaotoka njia ya haja kubwa mtoto akiwa amelala na kutembea hadi mbele. Hao dawa yao ni albendazole miligramu 400 mara moja, inarudiwa baada ya wiki mbili. Watu wote wa nyumba wanywe siku moja na mashuka yafuliwe, vinginevyo minyoo itarudi kutoka kwa kaka yake. Ute mzito kama mtindi unaowasha sana ni fangasi, na zahanati wanautibu.

Mkojo kuchoma ndiko kunakotaka kushughulikiwa wiki hii, kusingoje Desemba. Nenda naye zahanati au kituo cha afya asubuhi, mwombe muuguzi wa kike amweleze kutoa mkojo: anawe kwa maji matupu, aache mkojo wa mwanzo upite, akinge wa katikati kwenye kikopo safi walichompa, na kipelekwe maabara muda ule ule. Mkojo uliokaa kwenye chupa ya soda tangu alfajiri unaweza kuonyesha wadudu ambao hawamo mwilini. Wakikuta maambukizi atapewa dawa kwa uzito wake. Amalize dozi hata kama kuchoma kumekwisha siku ya pili. Akipata homa, kutapika au maumivu ya kiunoni chini ya mbavu, usisubiri kesho.

Halafu uliza kwa nini ilianza. Mtoto wa kike anayeona choo cha shule hakina komeo wala maji hujifunza kutokunywa maji asubuhi na kubana mkojo mpaka arudi nyumbani. Mkojo uliolala kwenye kibofu saa saba au nane ni shamba la bakteria. Mpe chupa ya lita moja aimalize kabla ya kengele ya mwisho, na bilauri nyingine asubuhi na jioni. Mkojo ukiwa wa manjano mepesi, anakunywa vya kutosha. Ukiwa wa manjano yaliyokolea, bado. Aende chooni kila baada ya saa tatu hivi, pamoja na rafiki wa kumshikia mlango. Choo kigumu nacho hugandamiza kibofu, na hapo mlenda ni chakula na dawa. Hata siku za mgao, mtengee kopo la lita moja kila jioni la kunawa sehemu za siri, nje tu, maji matupu. Chumvi, dawa za kuua vijidudu na majani ya kuchemsha visikaribie hapo, maana huunguza ngozi na kuondoa ulinzi wake wa asili.

Lipo swali moja hatuwezi kuliruka, na mama yake ndiye aliulize Ijumaa kama wewe unaona vigumu: kuna mtu amekugusa huko? Aliulize wakiwa wawili, kwa sauti ya kawaida, bila kutaja jina la mtu. Mara nyingi jibu ni hapana. Ute wenye damu au harufu mbaya, mchubuko, hofu ya ghafla kwa mtu fulani au njia fulani, hayo yanataka hospitali siku hiyo hiyo, bila kumwogesha wala kufua nguo alizovaa. Dawa za kumkinga na Virusi vya Ukimwi hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72. Kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya simu kwa mtoto haitozwi.

Turudi kwa bibi. Ngariba akikata mtoto mwenye maambukizi ya mkojo, maambukizi yanabaki pale pale na juu yake kinaongezeka kidonda. Damu inaweza kumwagika isizuilike, pepopunda ikaingia kwa wembe, kovu likaziba njia ya mkojo, na miaka ijayo likachanika wakati wa kujifungua. Kwa sheria, tangu mwaka 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na adhabu inafika kifungo cha miaka 15. Sheria inamgusa pia mzazi au mlezi anayesababisha mtoto akatwe. Kwa kuogopa sheria hiyo wapo waliohamia kukata vichanga kwa siri, kwa kisingizio hiki hiki cha lawalawa, kwa hiyo kama kuna mjukuu mchanga kijijini, mtazame naye.

Hatudhani mama yako anamchukia mjukuu. Anafanya alichofundishwa kuwa ni tiba. Usilizungumze kwa simu, simu hugeuka ugomvi. Nenda Mpwapwa na mkeo Jumamosi moja kabla shule hazijafungwa, mwache mtoto Dodoma, beba karatasi ya majibu ya maabara na boksi la dawa alizotumia. Mwambie: "Mama, ulisema kweli kwamba mtoto anaumwa. Tulimpima, ugonjwa ulikuwa kwenye mkojo, amekunywa dawa hizi, amepona. Kukatwa, hapana. Hilo mimi na mama yake tumelimaliza." Sentensi ya mwisho isemwe na wewe, kwa sababu ni mama yako, mkeo akiisema itakuwa vita vya mkwe. Kisha mpe nafasi yake: njoo wewe Dodoma Desemba, umfundishe kusonga ugali wa uwele, kutunza nguo zake, kuheshimu wageni, nyimbo unazozijua. Likizo hii Upendo asilale kijijini bila wewe au mama yake kulala nyumba hiyo hiyo. Shangazi au jirani wa kumsindikiza hatoshi. Ukisikia mipango inaendelea kwa siri, mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii wajulishwe mapema.

Hedhi ya Jumanne sasa. Tafuta boksi lenye mfuniko, liwe lake. Weka pakiti mbili za pedi za dukani, chupi 2 nyeusi, kipande cha sabuni, kitaulo, na tochi kama choo kiko nje. Kwenye begi la shule ziwepo pedi 3, chupi moja na kikopo cha plastiki chenye mfuniko cha kubebea iliyotumika. Kisha afanye jaribio kabla ya siku yenyewe: avae pedi Jumamosi moja nyumbani, akae, akimbie, ainame. Mama yake amwonyeshe kwamba gundi hukaa upande wa chupi. Wapo wanaoibandika upande wa mwili kwa kuwa hakuna aliyewaambia, na maumivu ya kuibandua hawayasahau.

Pedi za kufua zinafaa sana kama maji yapo, na wewe vipimo si shida yako. Mpe fundi cherehani hivi: urefu sentimita 25, upana katikati 7, ncha za mviringo, na mbawa moja kila upande inayotokeza sentimita 6 yenye kifungo cha kubana. Juu flaneli ya pamba, katikati tabaka 3 za taulo kuukuu, chini kitambaa cha mwavuli. Wengi huongeza tabaka zikafika 6 wakidhani ndiyo usalama. Pedi hiyo haivuji, lakini haikauki, na inakwaruza mapaja. Sita zinamtosha kiangazi, nane wakati wa mvua. Iliyotumika iloweke dakika 30 kwenye maji baridi, kamwe si ya moto, kwa sababu moto hugandisha damu kwenye nyuzi. Maji yakitoka mekundu yamwagwe, ndipo sabuni, suuza mara mbili, anika juani mpaka ikauke kabisa. Maji yakiwa ya kuhesabu ndoo, tumia za dukani bila kujilaumu. Abadilishe kila saa 4 hadi 6, damu iwe nyingi au kidogo. Za dukani zifungwe kwenye karatasi na zitupwe choo cha shimo au zichomwe. Choo cha kuvuta maji kitaziba.

Mwambie mapema kwamba mara ya kwanza inaweza isiwe nyekundu. Mara nyingi ni doa la kahawia, na binti hudhani amejichafua, akaficha chupi kwa aibu. Damu hutoka siku 2 hadi 7, jumla yake vijiko vichache vya chakula ingawa machoni huonekana nyingi. Siku ikifika na wewe ndiye uliyepo, maneno machache yanatosha: "Hiyo ni hedhi, mwanangu, uko salama. Boksi lako unalijua. Nakuwekea maji ya kuoga." Weka maji, toka nje, mpigie mama yake, halafu mpe binti simu wazungumze wawili. Isitangazwe kwa majirani wala kwa kaka yake bila ridhaa yake.

Tumbo likiuma, chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye khanga iwekwe chini ya kitovu, atembee kidogo. Paracetamol kidonge kimoja cha miligramu 500, kinaweza kurudiwa baada ya saa 6, visizidi vinne kwa siku. Maumivu yanayomtoa shuleni kila mwezi yana tiba hospitali. Asiambiwe avumilie ndiyo uanamke.

Awe na kalenda ndogo yake mwenyewe ya kutia nukta siku ya kwanza ya kila hedhi. Miaka ya mwanzo mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni kawaida, na kuruka mwezi kunatokea. Mzazi asiyelijua hilo humhoji mtoto kuhusu mimba kwa sababu ya wiki mbili za kuchelewa. Mpeleke hospitali kama pedi inalowa kabisa ndani ya saa moja au mbili na inaendelea hivyo, damu ikipita siku 7, miezi mitatu ikipita bila kitu, au akiwa na kizunguzungu na viganja vyeupe. Msichana aliyeanza kuota matiti kabla ya miaka 8, asiye na dalili yoyote akiwa na miaka 13, au asiyepata hedhi akifika 15, naye aonwe na daktari. Siku mtakayokwenda kupima mkojo ulizia na chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Hutolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, dozi moja.

Chakula kidogo tu tuseme. Anaanza kuhitaji madini ya chuma zaidi: dagaa, maharage, majani ya kunde, nyama ikipatikana. Ubuyu au limau kwenye mlo huo huo husaidia mwili kuyachukua, na chai pamoja na chakula huyazuia. Chai inywewe saa moja baadaye.

Kuhusu kuzungumza naye, usimketishe kwenye kiti. Dakika tano mkichambua maharage, macho yenu yakiwa kwenye ungo, zinafaa kuliko kikao cha saa nzima. Taja vitu kwa majina yake: matiti, uke, hedhi. Mwambie ukweli kuhusu mimba: inatokana na kujamiiana, na yai huweza kupevuka hata kabla ya hedhi ya kwanza. Usimtishe kwamba akiguswa mkono na mvulana atashika mimba. Akigundua si kweli hataamini na mengine. Mwambie pia kwamba mwili wake ni wake, na hakuna mjomba, mwalimu wala dereva wa bodaboda mwenye ruhusa ya kuugusa, hata akimpa lifti kila siku. Na kijana wako wa miaka 13 afundishwe mambo haya haya kwa upande wake, tena aambiwe wazi kwamba kumtania dada yake kifua ni marufuku. Kama wanalala chumba kimoja, weka ukuta wa mbao au pazia zito mwezi huu. Mlango wake upigwe hodi, na wewe uwe wa kwanza kupiga hodi.

La kumkwepa ndilo linalotuumiza zaidi katika barua yako, kwa sababu unalifanya kwa nia njema na yeye hajui. Anachokiona ni kwamba tangu mwili ulipoanza kubadilika, baba amehama kochi. Atahitimisha kwamba kuna ubaya alioufanya. Rudi kwenye kochi, taarifa ya habari iendelee. Mkono begani unafaa, mbele ya watu na mama yake akiwepo au asiwepo. Akijitoa, mwachie bila kununa, na kesho msalimie vile vile. Kumwogesha, kumvisha na kuingia akiwa anabadili nguo, hayo ndiyo yamekwisha.

Hakusema hataki kupimwa. Alisema yeye siyo mtoto. Mwisho wa Desemba weka penseli na futi juu ya meza, mwambie ajiandikie mwenyewe, tarehe na namba, kwa mwandiko wake. Wewe shika kona tu, ikae sawa juu ya kichwa.